Alama ya Ata Nakiru

Kompyuta za siku hizi ni nyembamba, ni nyepesi, na zina kasoro moja ambayo hakuna muuzaji aliyewahi kunitajia: hazina zile namba za pembeni. Namba za juu ya herufi zipo. Zile nyingine, zilizokuwa zimejipanga kwenye kisanduku chao upande wa kulia wa kila kibodi ya zamani, zimeondolewa, na watu wengi wala hawajagundua. Mimi niligundua wiki iliyopita, mjukuu wa Ata Nakiru alipoingia ofisini kwangu hapa Lodwar kuniambia kwamba bibi yake ametutoka, na kwamba familia inataka karatasi za ibada ya mazishi ziwe na alama yao juu, pembeni mwa msalaba.

"Auntie, weka tu O yenye mstari," akasema, akinionyesha simu yake. "Si ni ileile."

"Si ileile," nikamwambia. "Na usije ukasema hivyo mbele ya wazee wenu."

Nikafunga ofisi, nikaenda naye hadi nyumbani kwa mama. Chini ya kitanda chake kuna katoni ambayo amekataza isitupwe, na ndani ya katoni hiyo kuna kibodi yake ya kwanza. Nilipoigeuza, mchanga ukamwagika sakafuni, mchanga wa Lodwar wa miaka yote hiyo, na harufu ikapanda: vumbi lililopata joto, tona ya printa, na kwa mbali moshi wa vibuyu vya maziwa. Kijana akachutama kuutazama ule mchanga. Mimi nilikuwa nimesharudi darasa la nne.

Wazazi wangu ni watu wa Bungoma. Baba alikuwa mwalimu, na serikali ilimpeleka Nakalale, akawa anakuja kwetu shule zikifungwa. Mama alikataa kukaa bure kumngojea. Alikuwa amesomea upigaji chapa, basi akafungua chumba cha mabati karibu na soko la Lodwar, akachapa barua za watu, akatoa fotokopi, akapiga picha za kitambulisho mbele ya shuka ya bluu. Upepo ulileta mchanga tangu asubuhi. Alikuwa na brashi ndogo ya kupakia rangi, na kabla ya kufungua mlango kwa wateja aliisugua kibodi kitufe kwa kitufe. Kazi hiyo nilipokua kidogo akanipa mimi.

Kwa sababu ya brashi hiyo, nilivijua vitufe vyote kabla sijajua kusoma vizuri. Herufi sikuziona kuwa na siri. Zilikuwa ubaoni shuleni, zilikuwa kwenye mifuko ya unga, ni za kila mtu. Lakini zile alama za juu, @ na # na $ na &, zilinisumbua. Hazikuwa kwenye wimbo wa alfabeti. Mwalimu hakuzitaja. Kila moja ilikaa peke yake na haikufanana na jirani yake.

Hapo ndipo akili yangu ya utoto ilipojipatia jibu. Nilikuwa nikipita soko la mifugo kila siku, na watoto wenzangu Waturkana walikuwa wakisoma mapaja ya ngamia kwa sauti: huyu ni wa kina fulani, yule ni wa kina fulani. Kila ukoo una alama yake ya kuchoma mifugo, wanaiita emachar, na huwezi kuchukua ya mwenzako hata kama ni nzuri kuliko yako. Basi nikajua. Zile alama za kibodi ni za koo. @ ni ya watu wa Nairobi, kwa sababu ilionekana kwenye kila barua ya ofisi. % ni ya watu wa benki. $ ni ya mtu mwenye mifugo mingi kupita wote. Na # ni ya wafugaji wa huku kwetu, kwa sababu ni ua uliochorwa.

Siku moja mama aliniachia nimalizie bango la duka la jirani na kikafika kile kipande cha & Wanawe. Nikasimamisha vidole.

"Mama, wamekubali?"

"Nani wakubali?"

"Wenye alama."

Mama alicheka mpaka akashika meza. Alimsimulia kila mteja aliyeingia wiki hiyo, na wote wakacheka, isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja alikuwa Ata Nakiru. Ata ni bibi, kwa Kiturkana, na kila mtu alimwita hivyo. Alitoka upande wa Lorugum, mwembamba, shanga zimempanda hadi kidevuni, na alituletea maziwa ya ngamia wake jike aliyeitwa Nakwang', yaani yule mweupe. Mimi aliniita emoit, mtu wa nje. Hakuniita kwa ubaya, ila aliniita hivyo kila alipokuja, na mimi nilizaliwa hospitali ya Lodwar na sikuwa na mahali pengine pa kutoka, kwa hiyo iliniuma. Mama alipomsimulia habari ya wenye alama, Ata alimsikiliza hadi mwisho, akaniangalia, akasema kwa Kiswahili chake kifupi, "Huyu mtoto anauliza vizuri." Kisha akatumiminia maziwa.

Halafu maziwa yakakoma. Wezi wa mifugo walishambulia upande wao, wanyama wakatawanyika, na Ata hakuonekana sokoni. Aliporudi alikuja na chifu wake, mtu mnene mpole aliyetembea na muhuri wa serikali kwenye mfuko wa shati. Nakwang' alikuwa amepatikana. Alikuwa Kakuma, kwenye boma la kamati ya mifugo, pamoja na wanyama wengine waliookolewa njiani. Anayedai mnyama alitakiwa kwenda na barua ya chifu iliyochapwa, yenye alama ya ukoo ndani yake. Asiyedaiwa angeuzwa kwa wafanyabiashara, na wafanyabiashara wale walikuwa wakielekea mpakani Nadapal. Akishavuka pale, umwambie kwaheri.

"Nimebaki na huyo tu," Ata alisema. "Na ana mimba."

Akachutama, akachora kwa kidole kwenye mchanga wa sakafu yetu: mduara, na mstari uliosimama wima katikati, ukitokeza kichwa juu na mguu chini. Mama akauangalia mchoro, akaiangalia kibodi. Kulikuwa na mwandiko mmoja kwenye kompyuta yetu ambao sifuri yake ilikuwa na mstari ndani. Mama akaichapa sifuri hiyo kubwa, akaitoa kwenye printa.

"Mstari umelala," Ata akasema.

"Umelala kidogo tu, Ata. Wataelewa."

Chifu akagonga muhuri. Mimi nilitaka kusema kitu, lakini nilikuwa mtoto na barua ilikuwa imekwisha kukunjwa.

Hawakuelewa. Ata alirudi kutoka Kakuma kwa miguu na kwa lori, bila ngamia. Kamati ilimwambia kwamba mstari wa ngamia umesimama, na mstari wa barua umelala na hautokezi, kwa hiyo ama ngamia si wake au barua si yake. Alisimama mlangoni petu, akairudisha barua mezani kwa mama, akaondoka. Hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba.

Mama hakulala na jambo hilo. Asubuhi alifunga duka, akamwambia chifu, "Kosa ni la mashine yangu. Nitaenda kusema kwa mdomo wangu." Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nikapakiwa mimi pia. Tulisafiri kwa pikapu ya mtu wa mahindi, mama na chifu mbele, mimi na Ata nyuma juu ya magunia. Njia nzima Ata alishika ukingo wa pikapu akitazama mbele. Alizungumza mara moja.

"Emoit, mama yako anaogopa?"

"Mama haogopi kitu," nikasema.

"Vizuri."

Boma la kamati lilikuwa pembeni mwa mji wa Kakuma, limezungushiwa miiba. Tulipokaribia, Ata akafanya jambo ambalo sijawahi kulisahau. Akaligeuzia boma mgongo, akasimama hivyo, uso kwenye barabara. Chifu akamwita, hakugeuka. Ngamia wake alikuwa hatua chache nyuma yake na hakugeuka. Baadaye chifu alitueleza: hakutaka mtu aseme kwamba alimtazama mnyama kwanza kisha akachora alichoona.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mzee mwenye kofia ya unyoya wa mbuni. Mama akamsalimu, "Ejoka, mzee," akajibiwa "Ejok nooi," kisha akasema yake yote. Yeye ndiye aliyechapa. Mashine haikuwa na alama ile, akaweka iliyofanana. Bibi huyu hana kosa.

"Nimesikia," mzee akasema. "Alama yenyewe iko wapi?"

Mama akatoa kalamu, aichore kwenye barua. Mzee akainua mkono.

"Kalamu hapana. Juzi mtu alikuja na barua nzuri, ameongeza mstari na kalamu njiani. Karibu tumpe ngamia ya wenyewe. Barua ni ya mashine. Chifu yuko hapa na muhuri, lete mpya, tutakubali. Lakini ya mashine. Na wanunuzi wanapakia leo jua likishuka."

Tuliingia sokoni mbiombio, pale mji unapokutana na kambi ya wakimbizi. Kulikuwa na harufu ya kahawa ya Wahabeshi na muziki wa Kisomali, na katikati ya hayo saiba moja ya mabati, chumba cha kompyuta za kukodi, ikiunguruma kwa jenereta. Mwenyewe alikuwa kijana wa Kongo aitwaye Bahati, shati jeupe limepigwa pasi katika joto lile. Mama akamweleza. Bahati akatafuta kwenye kibodi, akatikisa kichwa.

"Mama, ile haiko. Ile yangu najua, yako sijui."

"Yako ipi?" nikauliza.

Akaniangalia kana kwamba ndiyo kwanza anione. "Yangu ya Kifaransa. Mutoto, kuja uone. Alama zingine haziko juu ya kibodi. Ziko chini." Akanishika kidole, akakiweka juu ya kitufe cha Alt. "Finya hapa, usiachilie. Andika namba huku pembeni. Sasa achilia." Kwenye skrini ikatokea é. "Mi nafanyaka hivi kila siku, barua za watu wetu zote."

"Huko chini kuna nini kingine?"

"Biko mingi. Mi najuaka yangu tu."

Leo najua kwamba kulikuwa na njia rahisi, dirisha lenye alama zote zimepangwa ukichagua tu. Hakuna aliyetuonyesha. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona kwamba mama anaogopa. Basi nikapanda kwenye kiti.

Nilianza pale namba ya Bahati ilipoishia, nikawa naongeza moja moja. Finya, andika, achilia. Kila alama mpya ilipotokea nilisema kimoyomoyo, samahani mwenyewe, nikaifuta. Zikaja herufi zenye kofia, zenye mkia, zenye nukta kichwani. Bahati alizitambua chache, akasema hii ya kwetu, hii si ya kwetu. Jenereta ikakohoa, skrini ikafifia, ikarudi. Mama akasimama.

Kisha alama zikabadilika. Kila namba ikawa inatoa kipande cha ua: kona, nguzo, mstari mmoja, mistari miwili, kona tena. Vipande vya ua vikaja vingi mno.

"Hapa hakuna kitu," Bahati akasema. "Jaribu mbali."

Nikakataa. Kwa akili yangu nilikuwa nimefika. Ua maana yake ni boma, na ndani ya boma ndimo wanamokaa wanyama wenye alama. Nilikuwa na uhakika ambao sijawahi kuwa nao tena juu ya jambo lolote, na nimeshafanya mitihani mingi tangu hapo. Niliufuata ule ua kipande kwa kipande hadi ukaisha. Nyuma yake zikaanza kutoka alama za ajabu ambazo Bahati hakuzijua hata moja. Na kati ya hizo, mduara, mstari wima katikati, kichwa juu na mguu chini.

Sikuifuta. "Mwiteni Ata," nikasema.

Chifu alimleta kutoka nje. Ata aliinama mpaka pua ikakaribia kioo, akaufuata mstari kwa ukucha kutoka juu hadi chini. Akauliza kwa Kiturkana na chifu akatafsiri: "Nani aliwapa alama yetu?"

"Ilikuwamo tu, bibi," Bahati akasema. "Tangu kompyuta imetengenezwa."

Ata akalipima jibu hilo. Akasema watu wake wa zamani walitembea mbali sana, hakushangaa. Chifu akacheka. Yeye hakucheka. Akanigeukia mimi.

"Uliomba?"

"Niliomba," nikamjibu, na ilikuwa kweli.

Barua ikatoka ingali ya moto. Chifu akagonga muhuri palepale kwenye meza ya saiba, tukarudi bomani karibu kwa kukimbia. Lori la wanunuzi lilikuwa limeshafungua mlango wa nyuma. Ata akachukua nafasi yake ileile, mgongo kwa boma. Kijana wa kamati akamwagia Nakwang' maji pajani, akayalaza manyoya kwa kiganja mpaka kovu likaonekana. Mwenyekiti akaishika barua kando ya paja. Akaangalia karatasi, akaangalia ngozi. Akamwita mwenzake naye aangalie.

"Mama," mzee akasema, "geuka sasa. Chukua ngamia yako."

Ndipo alipogeuka. Hakupiga vigelegele. Alitembea polepole hadi kwa Nakwang', akaweka paji la uso wake kwenye shingo ya mnyama, akabaki hapo. Nililia. Mama alikuwa amenishika bega, kisha akasema, kwa sauti ya dukani kabisa, kwamba sasa anahitaji chai.

Maziwa yalirudi baada ya ndama kuzaliwa. Siku ya kwanza Ata alipoyaleta hakuniita emoit, na hakuniita hivyo tena mpaka anakufa. Alinivuta pembeni ya duka, akaniambia namba ile nisiigawe hovyo. Wewe unaweza kuichapa, akasema. Mwingine aje kwetu aombe. Niliitunza. Machifu walipokuja na barua za ukoo ule, mama alinyanyuka kwenye kiti chake mwenyewe na kuniita niketi, akageukia ukutani nilipokuwa nabonyeza. Koo nyingine nazo zilikuja kutafuta alama zao. Nilizitafuta kwa bidii, chache zikapatikana, nyingi hazikuwamo, na niliwaambia hivyo bila kuwabembeleza. Namba ya Ata Nakiru sitaitaja hapa pia.

Nilipokuwa mkubwa nilisoma maana rasmi ya ile alama, na kwamba ni ya watu wa mbali ambao hawajui ngamia. Sikuvunjika moyo. Nilikosea juu ya @, nilikosea juu ya watu wa benki, lakini juu ya jambo lenyewe sikukosea, na sasa ni mtu mzima naweza kulitetea. Alama ni ya yule anayeweza kusimama jua zima bila kugeuka, akijua imekaaje.

Basi wiki iliyopita nikaipiga brashi ile kibodi, nikaichomeka kwenye kompyuta yangu mpya juu ya meza ya mama. Ikawaka taa. Mama, ambaye macho yake sasa yanaona mwanga na vivuli tu, alikuwa amekaa kwenye kiti chake dirishani akitusikiliza. Niliweka kidole kwenye Alt, halafu nikakiondoa. Nikamkalisha mjukuu wa Ata Nakiru kwenye kiti. Nikamnong'oneza namba sikioni, kwa sababu ni yake, na mimi nilikuwa nimeiazima tu.

Akafinya. Akaandika namba pembeni, taratibu. Akaachilia.

Mama akageuza uso wake upande wetu. "Umelala," akauliza, "au umesimama?"

Kijana akainama hadi pua ikakaribia kioo, akaufuata mstari kwa ukucha, kutoka juu hadi chini.

"Umesimama, Ata," akamwambia mama yangu.